Matembezi ya Mjini na Kupiga Picha Baada ya Kustaafu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyakato, Mwanza)

Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni jinsi mtumishi aliyestaafu awezavyo kuzitumia siku zake kwa kutembea katika mji wetu na kuupiga picha. Twajua ya kuwa watu wengi humu wangependa zaidi kusikia habari za pensheni. Mtu aachaye hesabu ya fedha akaanza kusimulia habari za kamera aweza kuonekana kama aliyeacha mgonjwa kitandani akaenda ngomani. Lakini twawaomba mtuvumilie. Mkiisha kusikia, ndipo mtakapoamua kama jambo hili ni mchezo au ni kazi.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini sisi, tulio na umri wa miaka thelathini na kitu, twathubutu kusema habari za kustaafu mbele ya watu walioanza kazi sisi tukiwa bado shuleni. Si kwa ujuzi wa uzee, maana hatunao. Ni kwa sababu ya kazi yetu ya masjala. Karani wa masjala ndiye alifunguaye jalada la mtumishi siku ya kuajiriwa, na ndiye alifungaye siku anapotoka, akiwa na miaka 55 kwa hiari yake au 60 kwa sheria. Hivyo sisi, ingawa tu vijana, tumeyafunga majalada ya wazee wengi, na katika kuyafunga tumeona jambo moja ambalo halitutoki moyoni.

Katika jalada la mtumishi mara nyingi mna picha mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya pasipoti iliyobandikwa siku ya kuingia kazini: kijana amekaza uso, shati limefungwa hata kifungo cha mwisho, macho yamemtoka kwa hofu ya mpiga picha. Ya pili ni ndogo vile vile, nayo ililetwa pamoja na fomu za kuomba pensheni: mtu yule yule, mvi zimeingia, macho yamechoka. Kati ya picha hizo mbili mna barua za uhamisho, za likizo, za kupandishwa cheo, na pengine barua moja ya onyo. Miaka thelathini na mitano ya maisha ya mtu! Wala hapana hata picha moja imwonyeshayo akiwa mezani pake, au akicheka na wenzake wakati wa chai, au akigombea daladala asubuhi pale Buzuruga. Serikali haina lawama katika hili. Ilitaka sura ya kututambua, ikapewa. Lakini maisha ya mtu si sura ya kumtambua tu.

Jambo la pili tuliloliona ni hili. Yuko mstaafu ambaye hufika ofisini kila mwezi bila haja yoyote. Huvaa koti, huketi benchini, huwasalimu makarani mmoja mmoja kwa jina, kisha huuliza kama kuna barua yake. Hapana barua. Hukaa kidogo, akaenda zake. Hatumtaji jina, wala hatumcheki, kwa kuwa kila ofisi ina mzee wa namna hii, na mmoja wetu atakuwa huyo kesho. Miguu yake yaijua njia moja tu. Kwa miaka mingi njia hiyo ilimpa sababu ya kuamka, kuoga, kuvaa na kukutana na watu. Sasa sababu imeondolewa, lakini miguu haijaambiwa. Basi shauri letu la leo ni kumpa mzee huyu njia nyingine, tena yenye kazi ndani yake.

Wengine watasema, "Mzee apumzike." Twakubali, lakini kupumzika si kukaa kitini toka asubuhi hata jua lizame. Shirika la Afya Duniani lashauri ya kuwa mtu mzima, na hata aliyepita miaka 65, apate walau dakika 150 kwa juma za kuushughulisha mwili, mathalani kutembea kwa mwendo wa haraka kiasi. Gawanyeni dakika hizo kwa siku tano, mtapata nusu saa kila siku. Nusu saa si safari ndefu. Ila mtu asiye na mahali pa kwenda huiona ndefu mno, na mwenye kitu cha kutazama huimaliza asijue. Kamera ni kitu cha kumfanya mtu atazame.

Sasa tuseme habari za njia zenyewe, kwa kuwa ushauri usio na njia ni kama barua isiyo na anwani.

Njia ya kwanza ni hapa hapa Nyakato. Msidhani ya kuwa mji ni kule penye majengo marefu tu. Hapa petu tuna soko, tuna stendi ya Buzuruga, tuna viwanda na mafundi wa kila namna, tuna Barabara ya Musoma ipitayo malori mchana na usiku. Mstaafu aweza kutoka asubuhi, akampiga picha fundi cherehani barazani pake, au mama auzaye dagaa, au vijana wa bodaboda wakingoja abiria, akarudi nyumbani kabla ya jua kali. Hapa hana hata nauli ya kulipa. Tena hapa anajulikana, na watu hawatamshangaa.

Njia ya pili ni kupanda daladala hata Mabatini, na kutazama nyumba zilizojengwa juu ya majabali. Wageni huja kutoka mbali kuyashangaa mawe ya Mwanza, nasi tuliozaliwa katikati yake hatuyaoni tena. Ngazi za kupanda huko ni nyembamba, na mwenye magoti mabovu asijaribu; asimame chini atazame juu, picha ni nzuri vile vile. Kutoka hapo aweza kuuona mlima wa Bugando na hospitali iliyo juu yake, iliyofunguliwa mwaka 1971. Katika mji huu si wachache waliozaliwa humo, wala si wachache waliofiwa humo.

Njia ya tatu ni mjini na ufukoni. Hapo mtu ataliona Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la waziri mkuu wa Ujerumani ya zamani, karibu na mahali wapandiapo watu kivuko cha Kamanga. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Mwanza ikaitwa jiji mwaka 2000. Mambo hayo matatu mtu aweza kuyafuata kwa miguu katika asubuhi moja. Akiwa na nguvu zaidi, aende Mwaloni, Kirumba, penye soko la dagaa na samaki wakavu, ambapo korongo hutembea katikati ya watu kama makarani wazee wenye makoti meusi. Siku nyingine avuke kwa mashua hata kisiwa cha Saanane. Kisiwa hicho chachukua jina la Saanane Chawandi, aliyekaa pale akivua na kulima kabla ya mwaka 1964, wakati kilipofanywa mahali pa kufugia wanyama. Na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Twalitaja jina lake kwa makusudi. Mtu wa kawaida, mvuvi na mkulima, jina lake limebaki kwa sababu limeandikwa.

Njia ya nne ni kufuata Barabara ya Musoma kwenda nje ya mji. Kwanza mtu atafika Igoma, penye makaburi na kumbukumbu ya watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa siku ile, na wengi walizikwa pamoja. Hapo hatuendi kwa ajili ya picha nzuri. Twaenda kwa heshima, na kamera ikae mfukoni hata mtu aone ya kuwa yafaa kuitoa. Mbele zaidi, Kisesa, kuna Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Mstaafu akifika siku hiyo na kamera yake, hatakosa kitu cha kupiga.

Hizo ni njia nne, na kila moja hurudisha mtu nyumbani kabla ya magharibi. Tumezitaja za karibu kwa kuwa matembezi ya mstaafu hayapasi kuila pensheni yake. Nauli ya daladala, chupa ya maji, kofia, na viatu visivyobana: vifaa vimetimia.

Na kamera je? Zamani hili lilikuwa jambo la fedha. Kampuni ya Kodak ilipoitoa kamera iitwayo Brownie mwaka 1900, iliiuza kwa dola moja, ili watu wasio matajiri nao waweze kupiga picha. Lakini kwetu huku hata hiyo ilikuwa mali ya wachache. Baadaye wazazi wetu walinunua filamu ya picha 36, wakaziweka akiba kama chumvi wakati wa njaa, kisha wakalipa tena zisafishwe. Leo simu iliyo mfukoni mwa karani yatosha. Picha mbaya hufutwa, haidai senti. Mstaafu asinunue kamera ya bei kubwa kwa fedha za kiinua mgongo. Aanze na simu aliyo nayo, na ikiwa baada ya mwaka mmoja angali anatembea, hapo ndipo afikiri kununua nyingine.

Kuna maneno mawili ya ustadi ambayo twaweza kuwapeni, maana hayahitaji shule. La kwanza ni habari ya jua. Mwanza iko karibu sana na mstari wa ikweta. Kuanzia saa tano hata saa tisa jua huwa juu ya utosi, nalo hutia kivuli katika macho ya watu, hata mtu mwema akaonekana kama mwizi. Pigeni picha kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Nanyi mkumbuke ya kuwa ufuko wetu wa mjini watazama magharibi. Asubuhi, mkilitazama Jiwe la Bismarck kutoka nchi kavu, jua liko mgongoni mwenu na jiwe laonekana lote. Jioni jua liko mbele yenu. Jiwe na mitumbwi hugeuka kivuli cheusi juu ya maji mekundu. Picha zote mbili ni halali, ila mtu ajue anataka ipi.

Neno la pili ni kusogea karibu. Mtu mwenye haya husimama mbali, akapata picha ya barabara yenye watu wadogo kama siafu. Sogea, msalimu mtu, zungumza naye; kisha piga. Salamu ni sehemu ya picha.

Tumekwisha kusema habari za afya, njia na kamera. Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni swali hili: kwa nini picha hizi zipigwe na watu kama sisi, makarani na watumishi wastaafu, na si na wapiga picha wenye kazi yao?

Jibu la kwanza ni kwamba mji wabadilika, na vitu vya kila siku ndivyo vinavyotoweka bila kuagwa. Fikirini kivuko cha Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi kila aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alisimama pale katika msururu wa mabasi na malori, akanunua chakula kwa akina mama waliotembeza sinia dirishani, akalalamika, akatazama saa. Mwezi Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa watu hupita juu ya maji kwa dakika chache. Twalishukuru daraja. Lakini twawauliza: nani kati yenu ana picha nzuri ya msururu ule? Daraja limepigwa picha maelfu, kwa kuwa ni jambo kubwa. Kungoja kivuko hakukupigwa, kwa kuwa kila mtu alidhani kutakuwapo siku zote. Na ndivyo itakavyokuwa kwa maduka yetu, na magari yetu, na baraza tunazoketi jioni.

Jibu la pili ni kwamba tusipojipiga wenyewe, tutajulikana kwa picha za wengine. Wakati wa Wajerumani, mpiga picha Walther Dobbertin alipiga picha nyingi sana za nchi hii, nazo zimehifadhiwa Ujerumani hata leo. Twamshukuru kwa kuzipiga. Lakini katika picha nyingi za zama zile mtu wa kwetu huitwa askari, au mpagazi, au hutajwa kabila lake, basi. Jina lake halipo. Tena, katika mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa hapa hapa Mwanza juu ya biashara ya sangara. Ilisifiwa Ulaya na Marekani; huku kwetu iliwachukiza wengi, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Hatukusudii kuhukumu leo ni nani aliyekuwa na haki. Twasema tu ya kuwa watu wengi wa nchi za mbali waliijua Mwanza kwa filamu ile moja, na sisi hatukuwa na sanduku la picha zetu la kuweka mezani na kusema: tazameni na hizi.

Wako watu wa pwani waliotuonyesha njia. Katika mji wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake iitwayo Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kwa picha zao twaweza leo kuona arusi, barabara, na sura za Wazanzibari wa siku zile. Lakini hao walikuwa na duka na walilipwa. Sisi hatuna duka, tuna muda. Na muda ndio mali ambayo mstaafu amepewa kwa wingi kuliko wengine wote.

Jibu la tatu ndilo kubwa, nalo lahusu kazi yetu wenyewe. Huko Marekani alikuwapo mwanamke mmoja, Vivian Maier, aliyefanya kazi ya kulea watoto wa watu, kwa sehemu kubwa katika mji wa Chicago. Siku zake za mapumziko, na hata akiwa pamoja na watoto, alitembea mjini na kamera shingoni. Alipiga picha zaidi ya laki moja, asimwonyeshe karibu mtu yeyote. Mwaka 2007, kodi ya ghala alimoweka vitu vyake ilipokosa kulipwa, vitu hivyo vilipigwa mnada, na picha zikaangukia mikononi mwa wageni. Yeye akafa mwaka 2009, kabla dunia haijamjua. Leo husifiwa kila mahali. Lakini watu wengi walio katika picha zake hawajulikani ni nani, wala hapana awezaye kuwatambua, kwa kuwa aliyejua amekufa.

Mabwana, karani wa masjala husikia uchungu akisikia habari hiyo! Laki moja ya barua zisizo na kumbukumbu namba! Sisi tumefundishwa ya kuwa barua isiyoandikwa katika daftari ni kama haikufika. Picha ni vile vile. Picha isiyo na jina, mahali na tarehe, baada ya miaka ishirini ni karatasi yenye rangi. Wapiga picha wazuri wako wengi, hasa vijana, na macho yao ni makali kuliko yetu. Lakini nani anajua kufungua jalada? Nani anajua kutia namba, kuandika tarehe, kutunza nakala? Ni mtu aliyefanya hivyo kwa miaka thelathini na mitano. Ustadi ambao mstaafu hudhani umekwisha kazi siku aliyokabidhi funguo ndio hasa utakiwao hapa.

Hata mwanzo wa vyama vyetu ulikuwa hivyo. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, alikuwa karani. Alipopelekwa Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, hakuridhika na kutoa ushahidi tu. Aliandika kitabu kuwaeleza wenzake waliyoyaona na waliyoyafanya huko. Kuona na kuandika ni desturi ya watu wa kalamu. Sisi twaongeza kamera tu.

Basi kila picha itakayowekwa ipewe mambo matano: nani, anafanya nini, wapi, lini, na nani aliyepiga. Kwa mfano: "Na. 14. Fundi viatu akishona kiatu cha shule, karibu na soko la Nyakato, Jumatatu asubuhi," na jina lake akikubali liandikwe, pamoja na tarehe kamili na jina la mpiga picha. Maneno hayo hayafiki mstari wa tatu, lakini mjukuu atakayeyasoma atajua zaidi ya yale ambayo picha yenyewe ingemwambia. Andikeni jioni ile ile; msingoje kesho, maana kumbukumbu ya mzee ni kama gunia lenye tundu. Picha zilizochapwa kwenye karatasi ziandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya, na ziwekwe mbali na unyevu na mchwa. Zile za simuni ziwe na nakala mahali pengine pawili, kwa kuwa simu huibwa na simu huanguka majini. Nanyi mjue ya kuwa picha ikipitishwa kwa WhatsApp hupunguzwa, na habari za tarehe na mahali zilizofichwa ndani yake hupotea. Basi ile ya asili itunzwe.

Kuna na adabu, ambayo wazee wetu wanaijua kuliko sisi. Twaitaja kwa ajili ya vijana wasikiao. Mtu aombwe kabla ya kupigwa. Akikataa, ashukuriwe, na habari ikome hapo. Mtoto asipigwe bila ruhusa ya mzazi. Mgonjwa, mfiwa na mlevi waachwe. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na mahali popote palipoandikwa marufuku, kamera isitolewe hata kwa mzaha. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vema kukumbuka ya kuwa sura ya mtu ni habari zake mwenyewe, haitangazwi ovyo. Na jambo moja zaidi: ukimwahidi mtu ya kuwa utampa picha yake, mpe. Mpiga picha anayerudi na picha mkononi hatakosa tena mahali pa kukaribishwa. Pengine hili ndilo fungu kubwa la faida yote, kwani mstaafu aliyepoteza wenzake wa ofisini hupata kwa njia hii jamaa mpya kila mtaa.

Twajua neno lililobaki katika mioyo ya wengine: haya. Kwetu mzee akionekana akizunguka mjini na kamera watu watasema amekosa kazi, au amerudia utoto, au ni mpelelezi. Dawa yake ni watu wawili. Mzee mmoja akizunguka peke yake husemwa. Wazee wawili wakitembea pamoja huitwa wazee wanaotembea. Na mama wa nyumbani asisahauliwe. Yeye naye amengoja miaka mingi jioni za mumewe. Kama anapenda kutoka, watoke pamoja. Watumishi wanawake nao hustaafu kama sisi, na mara nyingi wao hujua majina ya watu wa mtaani kuliko waume.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa kuleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila mwanachama aliyebakiza miaka mitano au chini yake aanze sasa, asingoje barua ya kustaafu. Mwezi huu ampige picha mwenzake mmoja akiwa kazini, mezani pake, na aandike jina lake. La pili, wanachama waliokwisha kustaafu watoke wawili wawili mara moja kwa juma, wakianza na Nyakato, na kila baada ya miezi mitatu walete picha kumi zilizoandikwa kamili. La tatu, chama kifungue jalada moja la picha hizo, lipewe namba, litunzwe kama majalada mengine yanavyotunzwa. Sisi wa masjala twajitolea kulishika bila malipo.

Ombi la nne tumelifikiria, lakini hatukuliandika, maana halihitaji kupigiwa kura. Mkimwona yule mzee benchini akiuliza kama kuna barua yake, msimjibu hapana tu. Mwambieni ya kuwa chama kina kazi kwa ajili yake, na mumwonyeshe njia ya kwenda sokoni.